Pipa Lisilooshwa

Umeme ulikatika Jumatano, saa nne asubuhi. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda chini ya kibanda cha bati, kando ya mapipa mawili ya bluu, nachambua karanga za mbegu. Sikuona taa ikizimika, maana mchana hatuwashi taa. Nilisikia tu pampu imenyamaza.

Sauti ya pampu ile nilikuwa nimekaa nayo tangu tumzike Optatus, mwanangu wa mwisho. Ilikuwa ikinguruma polepole mchana na usiku, inavuta maji ya bwawa la samaki na kuyapandisha kwenye mapipa, nayo yanashuka tena bwawani yakiwa safi. Msibani watu walilia, mimi nikasikiliza pampu. Walinitazama usoni wakitafuta chozi, wasilione, wakazidi kunihurumia. Nilikula nilipopewa chakula. Nilikwenda kulala nilipoambiwa nikalale. Arobaini ikapita hivyo, kama siku ya soko nami sina cha kununua.

Optatus alikuwa fundi bomba hapa Chamwino. Bwawa alilijenga mwenyewe kwa saruji, nyuma ya nyumba, ukubwa wake kama chumba cha kulala, akaweka perege kama mia mbili. Mapipa aliyajaza vifuniko vya chupa za soda na za maji. Alivikusanya mwaka mzima kwenye mabaa na kwenye harusi, mpaka mama mmoja wa kanisani akaniuliza kama mwanangu ameanza kunywa.

Mke wake ni Jenifa, kwao Kibakwe. Hawakujaliwa mtoto. Siku moja baada ya arobaini aliweka begi lake karibu na mlango. Hakusema kwa hasira. Alisema, "Mama, kaka yangu Marko atakuja Jumamosi. Nikiangalia humu ndani sioni kitu kinachonishika, isipokuwa hawa samaki. Kama wapo, nitakaa kidogo niwatazame. Wasipokuwepo, nitakwenda na Marko."

Nikamwambia sawa, mwanangu.

Sikumwambia abaki. Mama mkwe akimwambia mjane abaki, hilo si ombi tena, hata ulitamke kwa upole namna gani. Nilikuwa mjane nikiwa na miaka thelathini na moja, na maneno ya upole niliyoambiwa nayakumbuka mpaka leo.

Basi siku hiyo ya Jumatano pampu iliponyamaza, nilijua ni nini kimenyamaza.

Lakini kabla ya hapo niseme kosa la Lydia, maana bila hilo tusingeogopa hivyo. Lydia ni binti yangu mkubwa, anakaa Majengo mjini, anauza mchele na kunde. Desturi yetu ni kwamba arobaini ikiisha, wanawake wa ukoo wanaosha vitu vya nyumba. Wanafua mashuka, wanasugua masufuria, wanafagia uwanja mpaka nyuma ya choo. Lydia ni mtu wa kazi. Jumatatu alifika kwenye mapipa, akafunua la kwanza, akaona vifuniko vyote vimefunikwa na utelezi wa kahawia. Akavitoa vyote, akavisugua kwa sabuni ya unga na maji ya bomba, akavianika juani kwenye mkeka. Nilipotoka kulala mchana nilikuta mkeka unang'aa rangi zote, nyekundu, kijani, bluu. Alikuwa ameshaingiza mkono kwenye pipa la pili.

"Lydia, acha."

"Mama, ona uchafu huu. Ndugu yangu alikuwa anawapa samaki maji ya kupita humu?"

"Acha, nimesema."

Nilimweleza kama Optatus alivyonieleza mimi. Asubuhi nyingi nilikaa naye hapa nikichambua karanga, na yeye akiongea. Ule utelezi si uchafu. Ni bakteria, viumbe wadogo wasioonekana, na kazi yao ni kula sumu inayotoka kwenye mkojo na kinyesi cha samaki. Pampu inawaletea chakula na hewa, wao wanasafisha maji.

Lydia alinitazama kama naumwa. Nikamuuliza, "Kibuyu cha maziwa ya mgando, uliwahi kumwona bibi yako akikiosha kwa sabuni?"

"Hapana. Maziwa hayatashika. Lazima abakize masalia chini."

Kisha akatazama mkeka. Akakaa chini pale pale, mikono yote ina mapovu. "Mama, nimeua."

"Umeua pipa moja. Limebaki moja." Nikamfuta mapovu kwa kanga yangu. Alikuwa amefanya kwa upendo, na mtu aliyekosea kwa upendo hahitaji kuambiwa mara mbili. Tukavirudisha vile vifuniko safi ndani, maji yakaendelea kupita, na pipa lile lisilooshwa likawa linafanya kazi ya mapipa mawili.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa umeme ulipokatika.

Niliweka ungo chini. Nikamfungua kifuniko yule pipa asiyeoshwa, nasema yule kwa sababu ndivyo Optatus alivyokuwa akimwita, kama ng'ombe. Nikafungua koki ya chini maji yatoke yote. Optatus alinieleza hivi: pampu ikisimama, maji yaliyotulia ndani ya pipa yanaishiwa hewa kwa saa chache tu, na wale viumbe wanakosa pumzi katika maji yao wenyewe. Afadhali watoke majini wakae wazi, wakiwa na unyevu. "Njaa haiwaui haraka, mama," alisema. "Wakikosa chakula wanapunguza kazi, wanakaa kimya, wanangoja. Ukiwaangalia unaweza kudhani wamekufa. Kinachowaua ni kukosa hewa na kukauka."

Nikaweka ndoo chini ya koki, nikachota maji ya bwawa kwa jagi, nikaanza kumwagia juu ya vifuniko, polepole, kila upande. Majagi kumi. Halafu nikarudi kwenye karanga. Nilipomaliza ungo mmoja, nikamwagia mengine kumi. Sina saa, lakini ungo mmoja wa karanga naujua urefu wake.

Jenifa akatoka ndani na kikombe cha chakula cha samaki. Hiyo ndiyo kazi pekee iliyokuwa ikimtoa kitandani, kuwalisha asubuhi na jioni.

"Usiwape leo, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Wakila watachafua maji, na pipa halina nguvu ya kusafisha. Wataweza kukaa na njaa siku hata nne."

Alisimama na kikombe chake. Aliangalia bwawa, akaniangalia mimi. "Sasa mimi nifanye nini?"

Nilitamani kumpa kazi kubwa, lakini nilikuwa na jagi tu. Nikampa jagi. "Mwagia pipa kama nilivyomwagia mimi. Na ile ndoo ya chini ya koki ikijaa, imwage bwawani. Simama kwenye ukingo, uimwage kutoka juu kabisa, ipige kelele. Maji yakipiga kelele yanabeba hewa."

Akamwaga ndoo ya kwanza. Nguo yake ikalowa. Hakuipangusa.

Saa sita akaja Waridi, jirani yetu mwenye duka, na mume wake Rahimu mwenye bajaji. Rahimu ana muziki mkubwa kwenye bajaji yake, unasikika kutoka barabara kuu. Tangu siku ya msiba huuzima kwenye kona, kabla hajafika getini kwetu, na akiondoka huuwasha akishapita kona. Hajawahi kusema neno juu ya hilo, na mimi sijamshukuru, lakini kila mara nasikia ule ukimya unaanza pale pale.

"Shikamoo, bibi," alisema Rahimu. "Transfoma ya mtaa imeungua. Wanasema kenge alipanda, akaungua pamoja nayo."

"Marahaba. Kenge?"

"Kenge ana shida gani na umeme?" Lydia akauliza kutoka jikoni.

"Alitaka kuchaji simu," Waridi akajibu, na Lydia akacheka, akaziba mdomo, akatazama upande wa Jenifa. Jenifa alikuwa anamwaga ndoo.

"Watatengeneza lini?" nikauliza.

"Wamesema kesho. Kesho yao unaijua, bibi."

Jenereta ya kanisa ilikuwa imekwenda kwenye harusi Mpwapwa, haingerudi mpaka Jumatatu. Rahimu alikwenda kuulizia nyingine kwa watu watatu, akarudi mikono mitupu, akaenda kwa wa nne. Waridi alitoa viatu, akashika ndoo.

"Ninyi Wagogo mnajua ng'ombe," alisema. "Samaki mliwatoa wapi?"

"Na ninyi wa dukani mnajua kupima," Lydia akamjibu. "Hebu pima hayo maji, usimwage nusu chini."

Wakaenda hivyo mpaka jioni, wakitaniana, na mimi nikahesabu nyungo. Usiku tulipokezana kwa zamu. Zamu yangu sikuiona ndefu. Tangu msiba nilikuwa nalala macho wazi hata hivyo.

Alhamisi asubuhi perege walikuwa juu, midomo nje ya maji, wanafungua na kufumba. Samaki hana sauti. Walikuwa wengi wanafanya hivyo kwa pamoja, na hakukuwa na sauti yoyote. Saba walikuwa wamekufa ukingoni. Jenifa aliwatoa mmoja mmoja kwa mkono, akawalaza kwenye beseni, wote wakitazama upande mmoja.

"Saba," alisema.

"Wamebaki wengi."

"Ndiyo, mama."

Alisema kama mtu anayesoma bei dukani. Nikaona begi pale mlangoni. Tulikuwa tunalivuka kila tukiingia na kutoka, na hakuna aliyelisogeza.

Siku hiyo wakaja watu ambao sikuwaita. Lydia alikuwa amewaambia kina mama wa jumuiya kwamba samaki wa Optatus wanakosa hewa, nao wakaja na ndoo zao za nyumbani. Mmoja alikuja na sufuria ya ubwabwa, akaiweka kivulini na kushika zamu. Wakasimama ukingoni kama wanaosafisha kanisa, wanachota na kumwaga, wanachota na kumwaga. Kwenye pipa niliwakataza. Pipa tulilimwagia mimi na Jenifa tu. Jua la Januari lilikuwa linapiga bati, na vifuniko vya juu vilikuwa vinakauka haraka, nikavifunika kwa gunia la katani lililolowa, mdomo wa pipa ukabaki wazi pembeni hewa ipite.

Katikati ya mchana Jenifa aliinama, akaingiza uso ndani ya pipa.

"Linanuka nini?" nikamuuliza.

Alinusa tena. "Udongo. Kama mvua ya kwanza imepiga shambani."

"Basi wapo."

Optatus alikuwa akilinusa kila asubuhi. Alisema pipa zima linanuka ardhi iliyolowa, na pipa lililokufa linanuka yai bovu, na kwamba pua haihitaji mashine. Jenifa alikuwa akimcheka. Alikuwa akimwambia, wewe mwanamume unanusa mapipa, kuna siku utaniacha uoe pipa. Nilitaka kumkumbusha. Sikumkumbusha. Alikuwa bado ameinama, mikono imeshika mdomo wa pipa huku na huku, na nikaona mgongo wake unapanda na kushuka, anavuta ile harufu. Hakulia. Nami sikulia. Nikamwagia majagi yangu kumi kwa upande, nisimloweshe nywele.

Jioni walikufa watano wengine. Ijumaa asubuhi saba.

Ijumaa hiyo mchana Lydia alifungua redio yake ya betri asikilize matangazo ya vifo, akaizima haraka alipoona tunamtazama. Waridi alileta uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alinimiminia, akaupoza kwa kuuhamisha kutoka kikombe hadi kikombe, mara nne, ndipo akanipa. Nilikunywa. Nikagundua ni mtamu, yaani nilisikia utamu, na nikashangaa, kisha ikapita.

Saa tisa alasiri taa ya jikoni ikawaka.

Lydia alipiga kelele, akakimbilia swichi ya pampu. "Umerudi! Mama, umerudi!"

"Lydia! Usiguse!"

Alisimama na mkono juu. Nadhani alikumbuka sabuni, kwa sababu aliurudisha mkono kifuani kama umeungua.

Nikamwonyesha ukuta wa kibanda. Optatus aliandika pale kwa mkaa, herufi kubwa, siku aliyosafiri kwenda Singida mwaka juzi na kutuachia bwawa. Mimi husoma taratibu, lakini yale niliyasoma mara nyingi: UMEME UKIRUDI, MAJI YA KWANZA MWAGA.

"Maji yaliyolala kwenye bomba na kwenye pipa yameoza," nikasema. "Yakiingia bwawani sasa, hao waliobaki wote watakwenda kwa dakika chache. Tumewashika siku tatu, tusiwaue kwa furaha."

Tukageuza bomba la kurudishia maji lielekee bustani ya mchicha. Jenifa akawasha pampu. Kwanza ikakohoa, kisha ikashika. Kwenye pipa lisilooshwa yalitoka maji ya kahawia, yakaenda kwenye mchicha, yananuka udongo. Halafu tukafungua lile lililooshwa. Hilo hatukuwa tumelishughulikia, tuliona halina kitu cha kuokoa, tukaliacha limejaa na kifuniko chake juu. Lilitoa maji meusi yanayonuka mayai. Waridi akaziba pua kwa ushungi.

"Hili si ndilo mlilolisugua?" akauliza.

"Ndilo," Lydia akasema. "Usiniulize tena."

Tukaacha maji yapite mpaka yakaja meupe, ndipo tukarudisha bomba bwawani. Hatukuwapa samaki chakula. Kesho tungewapa kidogo, kiasi cha kijiko, ili pipa lisielemewe wakati ndiyo kwanza linaamka. Watu wakachukua ndoo zao. Mwenye sufuria alisahau sufuria, nadhani kwa makusudi, maana ilikuwa na ubwabwa bado.

Tulibaki wawili, mimi na Jenifa, kando ya pampu. Jua lilikuwa linashuka upande wa mlima. Samaki walikuwa wamerudi chini, huoni kitu juu ya maji isipokuwa pale yanapoangukia.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Kwa nini hujaniambia nibaki? Lydia ameniambia. Mchungaji ameniambia. Hata Waridi ameniambia, na yeye si ndugu. Wewe tu."

"Ningekwambia, ungebaki."

"Ndiyo. Ningebaki."

"Ndiyo sababu."

Aliweka kiganja chake kwenye pipa, pale ubavuni ambapo plastiki hutetemeka maji yakipita. Akakiacha pale muda mrefu.

Jumamosi Marko alifika saa tatu, kwa bajaji ya Rahimu, iliyokuwa kimya tangu kona. Ni kijana mrefu, mwenye adabu, alinisalimia akiwa ameinama na kofia mkononi. Alikuta dada yake ameketi chini kati ya mapipa mawili, mikono imechafuka mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa anachota vifuniko vyenye utelezi kutoka pipa moja kwa bakuli na kuviweka katika lile jingine, katikati ya vifuniko safi. Bakuli tatu. Sikumfundisha. Nilimwambia tu habari ya kibuyu cha bibi yake Lydia, na masalia yanayobaki chini.

"Mama," aliniuliza bila kuinua uso, "mwanzoni kabisa pipa lilichukua muda gani kushika?"

"Wiki sita. Kuna siku aliapa atalitupa."

"Dada," alisema Marko, "Rahimu anangoja. Begi ndilo hili?"

"Ndilo. Liache." Akafuta mikono kwenye kanga. "Njoo baada ya wiki sita."

"Unangoja samaki?"

"Samaki wapo. Nangoja pipa."

Marko alinitazama mimi, akamtazama Lydia. "Mama kule nyumbani atauliza. Nitamwambia nini? Kwamba dada anangoja pipa?"

"Mwambie hivyo hivyo," Lydia alisema. "Na umwambie lilioshwa na wifi mjinga wa dada yako."

Jenifa alivua perege wanne wakubwa kwa wavu, akawafunga kwenye majani ya mgomba na mfuko, akampa ampelekee mama yao. Alimsindikiza mpaka getini. Nikasikia bajaji inaondoka, na baada ya kona, muziki.

Begi halikufunguliwa. Jenifa alilitoa tu mlangoni akalisogeza nyuma ya kiti, kwa sababu watu walikuwa wanajikwaa. Baada ya wiki sita sijui atasema nini. Sitamuuliza.

Niliinama nikanusa pipa la Lydia. Lilinuka plastiki, na kwa mbali sabuni. Nikarudi kwenye kigoda, nikavuta ungo, nikaendelea kuchambua karanga. Pampu ilikuwa inanguruma.